Glukosi ya Jana

"Asante kwa ile glukosi ya jana," mjomba aliniambia, akaufumbata mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Imenirudishia nguvu, mpwa wangu."

Jana sikuwa nimemletea glukosi. Jana sikufika hata kwake Kariobangi, hapa Nairobi. Nilikuwa kazini Westlands mpaka giza likaingia, kisha nikakaa kwenye matatu Outer Ring saa nzima na nusu nikimsikiliza makanga akigombana na abiria kuhusu shilingi 20. Glukosi anayoisema niliileta mwezi wa tano, siku ya mvua, makopo mawili ndani ya mfuko wa karatasi uliolowa mpaka ukapasuka pale ngazini.

Hii ilikuwa Jumapili ya sita tangu atoke hospitalini. Jumapili zote sita amenishukuru kwa glukosi hiyo hiyo, iliyoletwa jana hiyo hiyo.

Mambo mengine yamemtoka. Hajui huu ni mwezi gani. Hajui kwamba jirani wa chumba cha pili alihama. Ukimwuliza amekula nini asubuhi anakujibu bila kusita, tena kwa maelezo: chapati mbili na maharagwe, na alikuwa na fulani, wakacheka sana. Fulani huyo tulimzika 2016. Mjomba hadanganyi. Ubongo wake unaona tundu, unaliziba kwa kipande chochote kilicho karibu.

Glukosi yangu tu ndiyo haijamtoka.

Na mimi haijanitoka.

## Amelewa tena

Mjomba ni fundi wa mabati Kamukunji. Masanduku ya shule, makarai, majiko, vyote hivyo mikono yake imevikunja tangu kabla sijazaliwa. Chang'aa nayo ni ya zamani karibu hivyo hivyo. Hadithi hiyo sitaieleza. Kila ukoo una yake na mnajua inavyokwenda.

Mwezi wa nne tumbo lilianza kumsumbua. Akawa anatapika kila anachoweka mdomoni, mpaka pombe yenyewe ikakataa kukaa. Akaiacha, si kwa kuamua, kwa kushindwa. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alishangilia kwenye simu kutoka ushago: maombi yamejibiwa! Hakuna aliyeuliza kama alipoacha pombe alikuwa ameacha na chakula.

Nilipoenda nilimkuta amelala, mifupa ya mashavu imetokeza. Nikafanya tunachofanya sote. Hakuna anayeenda kwa mgonjwa mikono mitupu. Mkate na ndizi hakuvitaka. Glukosi aliinywa, vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, akamaliza akaomba tena. Nilifurahi kama niliyemfufua mtu. Nikamwachia jirani, mama anayeuza sukuma wiki hapo mlangoni, maagizo kamili: kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni.

Siku ya nane jirani akapiga simu.

"Dada, njoo. Huyu mzee amelewa tena."

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, miguu ameitanua kama mtu aliyesimama ndani ya matatu inayokimbia na hana pa kushika. Akapiga hatua, akaangukia ukuta. Maneno yake yalikuwa yakipotea njiani. Hasira zikanipanda. Nikamsogelea, nikamnusa mdomo.

Naona haya kuandika hivyo. Nilimnusa mjomba wangu kama polisi wa barabarani.

Hakunuka pombe.

Nikadhani ameificha vizuri tu.

Kliniki ya kwanza tuliyompeleka sitaitaja, maana iliona kile kile nilichokiona mimi: mzee mlevi aliyekaukiwa maji. Wakamtundikia dripu ya dekstrosi, yaani glukosi ile ile ikiwa imevaa nguo za hospitali, wakaniambia arudi nyumbani apumzike, pombe itatoka. Kulipopambazuka hakuweza kusimama. Macho yake yalikuwa yakichezacheza pembeni bila kutulia, kama ya mtu anayejaribu kusoma maandishi ya matatu inayompita mbio.

## Fuata kidole

Hospitali ya umma, saa tatu asubuhi, benchi limejaa. Daktari aliyetupokea alikuwa msichana aliye katika mwaka wake wa mazoezi, kalamu tatu mfukoni na usingizi usoni. Kila mtu aliyetangulia alikuwa ameuliza swali moja: mzee amekunywa lini? Yeye aliuliza lingine.

"Mara ya mwisho amekula chakula, chakula hasa, ni lini?"

Nikaanza kuhesabu. Nikapita wiki moja, nikapita mbili. Nilipofika wiki tatu na siku kadhaa, sauti ilinikauka.

Akainua kidole mbele ya uso wa mjomba. "Mzee, fuata kidole changu kwa macho, usigeuze kichwa." Macho yalianza safari, yakafika katikati, yakagoma.

Akamgeukia sista. "Dripu yoyote ya sukari isubiri. Hii kwanza." Akaniandikia karatasi kwa sababu dawa haikuwepo wodini siku hiyo. Nilitoka nikikimbia. Nilidhani naenda kutafuta kitu kikubwa, kitu cha kuchangisha harambee. Duka la dawa la tatu ndilo lililokuwa nacho. Muuzaji akaisoma karatasi, akaniangalia kama mtu aliyetumwa maji na jagi la dhahabu.

"Hii ni vitamini tu, dada. B1."

Bei siikumbuki. Nakumbuka nilirudishiwa chenji.

Kesho yake jioni macho ya mjomba yalikifuata kidole mpaka mwisho. Nilishuhudia mwenyewe, nikamwomba daktari arudie kwa sababu sikuamini. Miguu ilichukua wiki kadhaa kujifunza tena sakafu. Kumbukumbu ndiyo hiyo mmekwisha kuisikia.

## Mkaa na kidirisha

Thiamini, ndilo jina lake lingine. Nimekaa wiki nyingi nikijaribu kuielewa, nikisoma usiku baada ya kazi, na mfano pekee ulioniingia kichwani ni wa vitu anavyotengeneza mjomba mwenyewe.

Jaza jiko mkaa kisha funga kidirisha cha chini. Mkaa upo, tena mwingi, lakini unachopata ni moshi. Glukosi ni mkaa. Inaingia kwenye seli, inakatwakatwa mpaka inakuwa kitu kinachoitwa pairuveti, na hapo inafika mlangoni mwa tanuri penyewe. Kimeng'enya kinachoufungua mlango huo hakifanyi kazi bila thiamini. Ikikosekana, pairuveti inarundikana nje na kugeuka asidi ya lakti. Ndiyo moshi wenyewe. Ukiongeza mkaa, moshi unazidi, na chembe chache za thiamini zilizokuwa zimebaki zinamalizwa na mzigo mpya.

Ubongo unaumia upesi kwa sababu una njaa kubwa. Ni sehemu ndogo ya uzito wa mtu na unakula karibu moja ya tano ya nishati yake.

Na akiba ni ndogo ajabu. Mtu mzima anatembea na takriban miligramu 30 za thiamini mwilini mwake mwote. Mwili hauwezi kuitengeneza. Usipoiongezea kwa chakula, wiki mbili au tatu inakwisha. Pombe nayo inaiba kwa milango zaidi ya mmoja: inazuia utumbo kuifyonza, inaharibu ini linaloitunza, na hata ile iliyopita inazuiwa isigeuzwe kuwa katika umbo linalofanya kazi.

Lakini pombe si sharti. Hili lilinishtua. Carl Wernicke, daktari Mjerumani aliyeueleza ugonjwa huu wa ubongo unaokosa thiamini 1881, alikuwa na wagonjwa watatu. Wawili walikuwa wanywaji. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, msichana aliyekuwa amemeza asidi, tumbo likaharibika, akawa anatapika mfululizo. Macho, mwendo, kuchanganyikiwa: dalili zile zile. Leo wanaoupata ni pamoja na mama mjamzito anayetapika miezi mingi, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, na mwenye njaa ya muda mrefu anayelishwa wanga mwingi kwa ghafla. Na wagonjwa wengi hawaonyeshi dalili zote tatu pamoja, ndiyo maana unapita mbele ya macho ya watu wasomi. Ukichelewa kutibiwa, unaacha kile alichokieleza Sergei Korsakoff wa Urusi miaka michache baada ya Wernicke: mtu anayekujibu vizuri, kwa heshima, na hakumbuki jana.

Au anayekumbuka jana moja tu.

## Miligramu

Hapa ndipo nilipotaka mtu anipe namba moja nilale nayo.

Mwanaume mzima anahitaji miligramu 1.2 za thiamini kwa siku. Mwanamke 1.1, na akiwa mjamzito 1.4. Ni kiasi ambacho chakula cha kawaida kinatosha kukileta. Sasa angalieni karatasi niliyokimbia nayo: miligramu 500, mara tatu kwa siku, kwenye mshipa. Hiyo ni 1,500 kwa siku moja. Ni zaidi ya mara 1,200 ya mahitaji ya siku, na mara 50 ya akiba yote ya mwili. Nilidhani daktari, kwa usingizi ule, amekosea sufuri.

Nilimwuliza, kwa adabu. Hakukasirika. Akaniambia mlango wa utumbo ni mwembamba. Vidonge hata ukimeza kumi, kinachopita kwa mpigo mmoja ni miligramu chache tu, na kwa mnywaji asiyekula ni pungufu zaidi. Ndiyo maana ya mshipa. Halafu ikiwa ndani ya damu haikai: kwa saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka, kwa hiyo kuipa mara moja kwa siku ni kama kumwaga ndoo ya maji kwenye shamba la mchanga. Na ili isukumwe iingie ubongoni, damu lazima iwe nayo nyingi kupita kiasi. Waliichanganya kwenye maji ya chumvi, ikadondoka taratibu kwa nusu saa, sista akiwa karibu, kwa sababu mara chache sana mtu hupata mzio mkali. Baada ya siku tatu wakashusha mpaka 250 mara moja kwa siku. Kisha vidonge vya 100, ambavyo anameza mpaka leo.

Siku ya pili waliongeza magnesiamu. Kumbe kile kimeng'enya cha mlangoni kinahitaji na hiyo, na wanywaji wengi wanakuwa wameipungukiwa. Unaweza kumjaza mtu thiamini na isifanye kitu kwa sababu magnesiamu haipo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu koridoni, kicheko kibaya. Kila ufunguo una ufunguo wake.

Nilipotulia nikaanza kuchimba: hiyo 500 ilitoka wapi? Ni mazoea ya Uingereza. Mwongozo wa madaktari wa neva wa Ulaya wa 2010 unasema 200 mara tatu kwa siku. Vitabu vya zamani vilisema 100 kwa siku, namba iliyorithiwa tangu miaka ya 1950 bila mtu kuipima kwa majaribio. Halafu likaja jaribio lililofanywa Darwin, Australia, matokeo yakatolewa 2022: walilinganisha dozi ndogo na kubwa, hawakuona tofauti ya wazi.

Nilizima simu nikaangalia dari. Nilikuwa nimeing'ang'ania ile 500 kama namba ya wokovu.

Madaktari wengi bado wanapendelea kutoa nyingi. Hoja yao naielewa: bei yake ni ndogo, madhara ni nadra, kinachozidi kinatoka na mkojo, hakuna hata kiwango cha juu kilichowekwa cha kutovuka kwa sababu hakuna sumu iliyoonekana. Upande wa pili wa mizani kuna kumbukumbu ya mtu, ambayo ikienda mara nyingi hairudi. Ningekuwa mimi na kalamu tatu mfukoni, ningeandika 500 pia.

Nikiri na ujinga mmoja. Wiki zile nilianza kumeza vidonge vya B kompleksi mwenyewe, kila asubuhi, eti nijikinge. Mimi ninayekula kila siku! Mkojo ukawa wa manjano kama jaketi la mwendesha boda, nikafurahi nikidhani ni nguvu zinazomwagika. Ile ni rangi ya B2. Mtu asiye na upungufu hapati nguvu mpya kwa kuongeza B1. Kidirisha kikiwa wazi kiko wazi. Na wale wanaopitia duka la dawa kila wiki kuchomwa sindano ya kutibu mishipa ya fahamu, wajue ndani yake mara nyingi kuna B6 pia, na B6 nyingi kwa muda mrefu inaiharibu mishipa hiyo hiyo ya fahamu waliyokwenda kuitibu.

## Wanajeshi

Usiku mmoja nilikutana na kisa ambacho sikuwahi kukisikia, ingawa sehemu yake ilitokea hapa kwetu.

Mwaka 2009, wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Vijana wenye afya, waliozoea mazoezi, wakawa wanahema, moyo unawapiga mbio. Waliougua hivyo walikuwa 241 hivi. Wanne walifariki. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege kuja hospitali za Kenya na Uganda, na madaktari wakapima damu wakitafuta virusi, sumu, chochote. Vipimo vya kwanza havikuonyesha kitu.

Ilikuwa beriberi, ugonjwa mwingine wa kukosa thiamini. Ugonjwa tunaoufikiria kuwa wa mabaharia wa karne ya 19.

Walioshikwa ni waliokula chakula cha kambini pekee. Hali ya usalama ilipokuwa mbaya, hawakuweza kutoka kununua kitu sokoni. Walikuwa wanashiba! Hilo ndilo lililonikaa. Sahani imejaa, mtu ameshiba, na kidirisha kimefungwa. Walipopewa thiamini waliinuka kwa haraka iliyowashangaza waliokuwepo, na wenzao wazima walipogawiwa kwa wingi, wagonjwa wapya wakapungua na vifo vikakoma.

Nilifikiri juu ya daktari wa kwanza aliyesema, tuwape B1 tuone. Alikuwa na kitu gani mbele yake? Miguu iliyovimba na swali kuhusu sahani.

## Sufuria

Nina jamaa wawili watatu ambao wakisikia kisa hiki wananiuliza basi tule nini. Sitaki kugeuka mhubiri wa lishe, lakini kuna mambo ya jikoni ambayo sikuyajua na nimepika miaka 20.

Thiamini ya nafaka imekaa kwenye ganda na kiini. Unga wa kisiagi, ule wa mahindi yaliyosagwa yote, unayo. Unga mweupe laini uliochekechwa umeipoteza nyingi. Serikali iliagiza 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani urutubishwe, na B1 imo kwenye orodha. Soma pakiti yako. Maharagwe, ndengu, njugu karanga na nyama ya nguruwe wanayo ya kutosha. Mchele mweupe umenyang'anywa sehemu kubwa. Ndivyo ilivyogunduliwa mwishoni mwa karne ya 19, kule Batavia ambayo leo ni Jakarta: kuku wa maabara wa daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, walipooza miguu walipokuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi, wakapona alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa wanajeshi. Ubahili wa mpishi ulisaidia kumpatia mtu Tuzo ya Nobel, 1929.

Halafu magadi. Hii iliniuma binafsi. Mimi hutia magadi kwenye githeri ili yaive upesi, gesi ni ghali na mama alinifundisha hivyo. Thiamini haivumilii magadi. Inavunjika kwenye maji yenye magadi ikiwa motoni, na maharagwe, ambayo ni hazina yake, ndiyo tunayoyawekea. Sasa nayaloweka usiku kucha. Mama nimemwambia. Akasema yeye ana miaka 71 na anakula githeri la magadi tangu utotoni, nimwoneshe ubongo wake umeharibika wapi.

Sikuwa na jibu. Githeri si chakula chake pekee. Hiyo ndiyo tofauti, lakini huwezi kumwambia mama yako neno la mwisho kwenye simu.

## Swali

Nililibeba swali langu wiki tatu kabla ya kuliuliza. Siku ya kliniki ya marudio nilimsubiri yule daktari mpaka akamaliza foleni.

"Daktari, ni ile glukosi yangu?"

Hakujibu upesi. Ningemchukia kama angenijibu upesi.

Akasema akiba ya mjomba ilikuwa imekwisha kabla sijapanda zile ngazi. Kwamba angekunywa uji mtupu au angekula wali mweupe, wanga ni wanga, ungedai thiamini ile ile. Kwamba kikombe kimoja cha glukosi au dripu moja ni vigumu kusema imefanya nini. Sukari ya siku nyingi mfululizo bila B1 ndiyo inayotia wasiwasi.

"Zilikuwa siku nane," nikasema. "Vikombe vitatu kwa siku."

"Najua. Nimeisoma faili." Akakunja stethoskopu akaitia mfukoni. "Na usije ukatoka hapa ukamwogopa mgonjwa ambaye sukari imemshuka. Huyo mpe glukosi saa hiyo hiyo, usingoje kitu, thiamini ifuate. Sukari ikishuka sana inaweza kuuharibu ubongo upesi."

Kwa hiyo ni mimi, au si mimi? Hakusema. Nilipofika getini nilikuwa na hasira naye, nilipofika kituo cha matatu nilikuwa nimeshamwelewa, na nilipofika nyumbani hasira zilikuwa zimerudi.

Nimejaribu kujitetea kwa kila njia. Ile kliniki nayo ilimwekea. Jirani ndiye aliyempa vikombe. Nisingejua. Hoja zote hizi ni za kweli na hakuna inayokaa zaidi ya siku mbili. Kinachorudi si glukosi hata kidogo. Ni ile dakika niliyomnusa mdomo, nikakosa harufu, na badala ya kusema huyu mtu ni mgonjwa, nikasema huyu mtu ni mjanja.

## Bati

Jumapili iliyopita sikubaki chumbani. Nilimchukua mpaka Kamukunji, polepole, fimbo mkono mmoja na mimi mkono wa pili. Jumapili kule si kimya kama mnavyodhani. Shule zinakaribia kufunguliwa na masanduku yanatakiwa. Wenzake walimpigia kelele za furaha. Wengine hakuwatambua, akawasalimu hivyo hivyo kwa bashasha, akiwauliza habari za watoto ambao hawana.

Kijana mmoja aliyemfundisha kazi akamwekea kigoda, akamsukumia bati lililokwisha kukatwa na nyundo ya mti.

Nilitaka kumzuia. Nilikuwa nimesoma kwamba kumbukumbu ya mikono hukaa chumba kingine ndani ya ubongo, lakini kusoma ni kusoma, na pale palikuwa na makali ya bati.

Akalipindua bati mara moja, akapapasa ukingo kwa kidole gumba. Akalilaza kwenye chuma, akapiga. Kona ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Hakupima kwa rula, hakuuliza kitu, na kelele za nyundo 100 kumzunguka hazikumtikisa. Kona ya nne ilipofunga, kijana akalichukua sanduku, akalizungusha hewani akitafuta kosa, akaliweka chini bila kusema neno.

Mjomba alikuwa anatokwa na jasho. Akaniangalia, akatabasamu.

"Hili sanduku zuri," akasema. "Nani amelitengeneza?"

"Ni wewe, mjomba."

Akalitazama tena, kwa shaka ya fundi anayesifiwa na mteja. Kisha akaufumbata mkono wangu.

"Ni ile glukosi ya jana," akasema.